Nyama Iliyogawiwa kwa Kisogo

Tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu Baba kutoka nyumbani kwake Rågsved, Uswidi, mimi na mwanangu Jonas, tulipokifikia kisu. Kilikuwa kwenye droo ya chini jikoni, kimefungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo, ala yake ya ngozi imekauka mpaka imekunjamana. Mpini wake wa birki, mti wa gome jeupe wa misitu ya kule, ulikuwa unang'aa kwa kushikwa. Jonas alikinusa, maana tangu mdogo kila kitu lazima akinuse kwanza, kisha akaniuliza kwa Kiswidi kama tukitupe. Kabla sijajibu akaziona herufi mbili zilizochongwa kwenye mpini, B na A, kwa mkono wa mtu asiyezoea kuandika.

"Vem är B.A.?" akauliza. Nani huyu B.A.?

Swali la haki. Babu yake aliitwa Elinaja, na humo hakuna B hata ukiitafuta kwa tochi.

Nilikichukua nami nikakinusa. Ninyi mliofika umri wangu mnajua kwamba pua haizeeki pamoja na magoti. Mafuta ya mnyama, majani ya birki yaliyolowa, kahawa iliyochemshiwa kwenye moto wa kuni. Nikakaa chini palepale sakafuni katikati ya masanduku, nikacheka peke yangu mpaka Jonas akadhani nalia. Labda nilikuwa nalia kidogo. Lakini hasa nilikuwa nacheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona Lennart na mifupa yake.

Kabla ya Rågsved tuliishi shamba. Ulishuka treni Jakobsberg, ukapanda basi mpaka dereva akazima injini, halafu ukatembea. Nyumba kumi na moja, zizi moja kubwa la ng'ombe, jumba la mikutano lililopakwa rangi nyekundu, na msitu pande zote. Tulikuwa tumefika Uswidi magari yakiwa bado yanapita kushoto kama kwetu, na Baba hajamaliza kulifurahia jambo hilo walipoyahamishia yote kulia. "Walikuwa wananisubiri nifike," alisema. Alikuwa ameletwa kujifunza ufundi wa matrekta, akabaki kufanya kazi kwenye gereji moja, na kwa kuwa foleni ya nyumba za mjini ilikuwa ndefu kuliko umri wangu, tulipanga kinyumba cha mbao mwishoni mwa kijiji. Mama alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazee, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Wote wawili walikuwa Wachaga wa Marangu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mwenyeji.

Vuli ya kule si ile ya mvua za kupandia maharage. Ni majira ya majani kupukutika, na Jumamosi hakuna aliyekaa ndani. Jumamosi hii tulichimba viazi vya nyumba moja, ijayo vya nyumba nyingine, watu wazima mbele, watoto nyuma na ndoo, mpaka vidole vikafa ganzi. Matufaha yalikamuliwa bandani kwa mkulima mmoja, Gunnar, na nyigu wa mwisho wa mwaka walilewa wakaanguka ndani ya ndoo za juisi. Majani tuliyakusanya kwa reki mbele ya jumba la mikutano tukayachoma, na moshi wake ukakaa kwenye nywele zangu mpaka Jumatatu. Mama alisema ni msaragambo mtupu, kama wa kwao wanapozibua mifereji, tofauti ni kwamba hapa watu walichimba bila kuimba na bila kusengenya mtu. Jambo la pili ndilo lililomshangaza zaidi.

Tuliitwa kwenye viazi, kwenye matufaha na kwenye reki. Tuliitwa kwenye kila kitu isipokuwa kimoja.

Kitu hicho kilikuwa kumwinda elji. Ndivyo tulivyomwita nyumbani kwetu, kwa kuwa Kiswahili hakijawahi kumhitaji: mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, pua kubwa iliyoshuka na pembe kama viganja vya jitu. Kila vuli kijiji kilimwinda kwa pamoja, na nyama ikagawanywa mafungu bandani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesimama dirishani harufu ya supu ikitoka kwenye mabomba ya moshi ya kijiji kizima, nyuma yangu Mama anaandaa samaki wa chumvi kwa mara ya tatu wiki hiyo. Niliumia sana. Si kwa njaa, tulikuwa tunashiba. Niliumia kwa sababu harufu ile ilikuwa ya kila mtu.

Basi vuli hii Birgit, binti wa Lennart mwenye zizi, niliyekaa naye dawati moja shuleni, akanitangazia kwamba uwindaji ni Jumamosi.

"Kila nyumba inayotoa mtu inapata fungu," alisema.

"Na sisi?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama paka naye huenda shule. "Ninyi hamna fungu. Ninyi mmepanga tu."

Jioni nilimweleza Baba. Alikuwa mlangoni anavua buti. "Nyama haiombwi, Aika," alisema. "Mtu hungoja kuitwa."

"Baba Aika," Mama akasema kutoka jikoni, "mtoto anataka nyama, wewe unampa mawaidha."

Baba Aika. Ndivyo alivyomwita siku zote, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita waume zao. Siku tulipohamia pale, Gunnar alimuuliza Baba aitweje, maana jina la ukoo lilimshinda, na Baba akamjibu kwa fahari, "Kwetu naitwa Baba Aika." Gunnar akalijaribu mara mbili, akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo akamwita fundi. Kijiji kizima kikafuata: fundi, mke wa fundi, mtoto wa fundi. Hawakuwa na ubaya. Lakini fundi ni mtu unayemwita kitu kikiharibika, na kikipona anakwenda zake.

Alhamisi nilitumwa maziwa kwa Gunnar, aliyefuga ng'ombe wake wawili. Farbror Gunnar, nilimwita, yaani baba mdogo, kama watoto wa kule walivyowaita watu wazima. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa uwindaji, mtu wa maneno matatu kwa siku. Siku hiyo alikuwa amezidisha: watu wawili wako kitandani na homa, alinung'unika, mmoja ni mpiga kelele wake wa kumtimua elji msituni, mwingine ndiye mchunaji wa kila mwaka.

"Baba yangu anaweza," nilisema.

"Amewahi kuwinda?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. "Tembo," nilisema.

Gunnar akaacha kumimina maziwa. "Kwa bunduki?"

"Kwa mkuki."

Nilirudi nyumbani maziwa yakinimwagikia kwenye buti, nikaomba Mungu Gunnar asahau. Hakusahau. Ijumaa jioni alibisha hodi, kofia mkononi, akasimama kwenye mkeka wa mlangoni.

"Fundi," alisema, "nasikia umewinda tembo."

Baba alinitazama. Mimi nikalitazama jiko. Nikaanza kuungama kimoyomoyo dhambi zangu zote tangu ubatizo.

"Nimewinda nyani," Baba akasema polepole, kwa Kiswidi chake cha gereji. "Kwenye shamba la mahindi la baba yangu, huko tambarare. Kwa kelele. Bunduki sijawahi kuishika."

Gunnar alifikiri. "Kelele zinatosha," alisema. "Saa moja asubuhi." Akavaa kofia akaondoka.

Baba alifunga mlango. "Tembo, Aika?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa mkuki?"

Nikazidi kulitazama jiko.

"Basi kesho tutakwenda wote wawili. Uongo huu una mwenyewe, na mwenyewe lazima awepo." Mama alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya viazi. Nami niliingia kitandani na soksi za sufu tayari miguuni, nisije nikachelewa.

Asubuhi ile majani yalikuwa na barafu nyembamba, yakivunjika chini ya buti. Wenye bunduki walikuwa wametangulia upande wa pili wa msitu. Sisi wapiga kelele, watu saba pamoja na mimi, tulijipanga mstari mmoja mrefu, kila mtu akimwona mwenzake kwa mbali kati ya miti, tukaanza kutembea. Kazi yetu ilikuwa kumwamsha elji na kumsukuma kuelekea kwao. Wenzetu waligongagonga miti kwa fimbo wakisema "hopp, hopp," kwa sauti ya watu wanaoomba radhi. Baba alisikiliza kidogo. Kisha akaweka viganja mdomoni akatoa ule ukelele wa kufukuza nyani.

Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajalala kibandani akilinda mahindi. Ulianzia chini tumboni, ukapanda, ukakatika ghafla, ukaanza tena juu zaidi. Ndege waliruka kwenye misonobari. Mtu wa pembeni yetu aliruka pia. Baba akarudia, safari hii kwa matusi ya Kichaga ambayo Mama alikuwa amemkataza kuyatamka mbele yangu, nami nikaitikia kwa nguvu zangu zote, maana huko msituni hakukuwa na Mama. Baada ya robo saa mstari mzima ulikuwa unapiga kelele. Watu wazima wa Uswidi, wenye kofia za utepe mwekundu, walipiga kelele kama wamefunguliwa kizibo, na mmoja wao, mzee mwenye miwani, alikuwa anacheka kati ya kelele moja na nyingine. Sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile bila kuwa wamekunywa.

Mbele yetu matawi yalivunjika, kishindo kama mtu anayeburuta kabati. Niliona mgongo mweusi, mrefu kupita kiasi, ukipotea. Halafu risasi mbili, halafu kimya.

Aliyempiga alikuwa Lennart, baba yake Birgit, na kwa haki alijisikia. Trekta lilimleta mnyama bandani kwa Gunnar, wakamtundika kwenye boriti, na watu wawili wakaanza kumchuna. Baba alisimama mikono nyuma. Nilimjua: alikuwa anauma midomo kama anavyofanya mtu mwingine akishika spana vibaya. Walikuwa wanakata, wanavuta, wanakata tena, ngozi inatoboka.

"Mnaiharibu," akasema mwisho, kwa upole.

Gunnar alichomoa kisu chake kiunoni akampa bila neno. Baba akakunja mikono ya shati. Alipasua kidogo hapa, kidogo pale, kisha akaacha kukata kabisa. Aliingiza ngumi kati ya ngozi na nyama akasukuma, akizunguka, na ngozi ikashuka nzima kama soksi inayovuliwa. Banda lote lilikuwa linatazama. Pembeni, kwenye benchi karibu na moto, alikaa tant Hulda, yaani shangazi Hulda, mjane jirani yetu, mkubwa kuliko wote kijijini, ambaye kila mwaka alikuja na birika lake kuwachemshia wawindaji kahawa. Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko visu vyote mle ndani.

"Gunnar," alisema, "miaka yote hii mmekuwa mkimkwaruza mnyama. Huyu anamvua koti."

Nyama ya elji hutundikwa kwanza kwenye baridi wiki nzima ilainike, ndipo ikatwe na kugawanywa. Gunnar alikataa kukipokea kisu. "Njoo nacho Jumamosi," alimwambia Baba. Kwa hiyo nilikuwa na wiki nzima ya kungoja, na nikaitumia vibaya. Jumapili alikuja Mjomba Abasi, mwanafunzi kutoka Tanga aliyepanga chumba Rågsved na kusafiri nusu siku ili ale chakula cha Mama na azungumze Kiswahili. Nilimsimulia uwindaji mzima nikiwa nimesimama juu ya kiti.

"Kwani huyo mnyama kachinjwa?" akauliza.

"Alipigwa risasi, Mjomba."

"Hadithi tamu, mwanangu. Mimi nitakula viazi." Lakini alinifanya niusimulie ukelele wa nyani mara tatu, akaniongezea na namna wanavyofukuza ngedere kwao.

Shuleni nilimwambia Birgit kwamba Jumamosi tunakuja kuchukua fungu letu. "Tutaona," alisema. "Baba yangu ndiye anayepanga mafungu."

Jumamosi Baba alikata nyama tangu asubuhi. Mama alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda wawili. Nje mvua nyembamba, ndani moto, harufu ya kahawa na maandazi ya mdalasini, watu wamejaa, kila nyumba na beseni lake. Nasi tulikuwa na beseni. Nililikumbatia kifuani.

Baba alipofika kwenye kifua cha mnyama, akafanya jambo ambalo Mchaga yeyote wa rika lake angelifanya bila kufikiri, na ambalo hakuna mtu mwingine Uswidi nzima angelifanya. Kwetu mnyama hakatwi vipande tu. Kila kiungo kina mwenyewe kabla kisu hakijanolewa, na katika ukoo wetu kidari ni cha mkubwa kuliko wote waliopo. Baba alikitoa kidari kizima, akakifuta, akatembea nacho banda zima mpaka kwenye benchi la tant Hulda, akainama, akampa kwa mikono miwili.

Watu wakasogea waone.

"Hapa hakuna anayechagua," Lennart alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Hapa tunagawa sawa."

"Yeye ndiye mkubwa," Baba alisema, kama mtu anayeeleza kwamba mvua huanguka chini.

"Hulda hana fungu. Nyumba yake haitoi mtu." Lennart akafikiri kidogo, kisha akainua mabega. "Basi, si neno. Hilo lilikuwa fungu la fundi. Amelitoa mwenyewe, ana haki ya kumpa amtakaye."

Akaanza kupanga mafungu chini, juu ya matawi ya misonobari. Nilihesabu. Tisa. Nikahesabu tena kwa kidole. Nyumba kumi na moja, toa ya Hulda, toa yetu. Tisa.

Nilimchukia Baba kwa dakika nzima. Nalisema leo kwa kuwa hayupo kulisikia, na angelisikia angecheka. Nilikuwa nimesema uongo kwa ajili ya fungu lile, nimetembea msitu mzima, nimejigamba shuleni, naye amechukua haki yetu akampa kikongwe kwa heshima zake za Marangu. Birgit alikuwa ng'ambo ya mafungu ananitazama, na hakuwa anacheka hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Tant Hulda alikuwa amekipakata kidari kwenye aproni yake, damu inapenya. "Lennart," alisema, "mimi nilianza kuchemsha kahawa hapa wewe ungali unavaa nepi. Kila mwaka narudi nyumbani na birika tupu. Mnaniletea bakuli la supu baadaye, ndiyo, asanteni. Leo mtu amenipa nyama mbichi mkononi, mbele ya watu, na wewe unamwadhibu kwa hilo?" Akageuka. "Gunnar! Hesabu mabomba ya moshi. Acha kuhesabu bunduki."

Gunnar alijikuna shingo. Alimtazama Hulda, akakitazama kidari, akamtazama Baba ambaye sasa alikuwa ameelewa kosa lake na amesimama wima, kisu chini, kama mtu kanisani.

"Hulda amekwishapata," Gunnar alisema. "Ongeza la kumi."

Lennart aliongeza. Alipita kwenye kila fungu akatoa kitu, lakini mkono wake ulikuwa mzito: hapa ugoko, pale mfupa wa shingo, pale mbavu mbili zilizochongwa mpaka zikawa nyeupe. Fungu la kumi likawa rundo la mifupa yenye nyama ya kulambia. Kila mtu aliliona. Alitutupia jicho, nami nikaamini amelipanga kwa ajili yetu.

Ndipo Gunnar akafanya jambo lililonimaliza. Alituacha wote, akaenda ukutani, akasimama akitazama mbao, mgongo wake kwetu.

Kwetu kumpa mtu kisogo ni kumwambia hayupo. Nilidhani amechoka nasi, na Hulda, na kelele zote hizi, na kwamba hii ndiyo namna ya wazee wa kule ya kumfukuza mtu. Damu ilinipanda. Sikumbuki nilivyoruka mafungu, nakumbuka tu kwamba nilikuwa katikati ya banda na beseni langu, napiga kelele kwa Kiswidi.

"Geuka! Geuka, farbror Gunnar! Baba yangu ndiye aliyemchuna! Mtazame!"

"Aika," Baba alisema.

Gunnar hakugeuka. "Nikigeuka," aliuambia ukuta, "nitayaona mafungu. Nikiyaona, nitajua lipi la nani. Ndiyo maana nautazama ukuta huu kila mwaka, mtoto wee. Kaa upande, tuanze."

Nilikaa upande. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Lennart alichukua fimbo akaligusa fungu la kwanza. "Vem ska ha den?" akauliza. Nani apate hili? Gunnar akautajia ukuta jina, na mtu akasogea na beseni lake. Fungu la pili, jina la pili. Ilikuwa inaniingia polepole. Anayeona hasemi, na anayesema haoni. Lennart, aliyeyapanga mafungu, hakuwa na uwezo hata chembe juu ya nani angepata nini.

Fungu la nne alilogusa lilikuwa lile la mifupa. Aliligusa haraka, labda alitaka liishe.

"Vem ska ha den?"

Gunnar alifikiri. "Lennart," alisema.

Nilikuwa sijawahi kukisikia kijiji kile kikicheka chote kwa pamoja. Kilicheka mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Tant Hulda alijipiga paja, kidari kikaruka. Gunnar peke yake hakujua kinachochekwa, amesimama na kisogo chake, anauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Na Lennart, nimpe haki yake, alisimama mwekundu kama nyanya, kisha mabega yakaanza kumtikisika, naye akacheka pia, akaipakia mifupa yake kwenye beseni mmoja mmoja.

Mafungu yaliendelea kupungua. Matatu. Mawili. Likabaki moja, zuri, lina paja na kipande cha maini. Lennart aliligusa taratibu.

"Vem ska ha den?"

Nilisikia mvua juu ya bati. Niliwaza: sasa atasema fundi. Nilikuwa nimeridhika hata na fundi. Lakini aliinua kichwa, akakohoa, akalitamka taratibu kama mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini.

"Baba Aika," alisema.

Ndipo akageuka akatutazama. Jina la baba yangu lilikuwa limetajwa mle bandani, na ndani yake langu. Nimepata vyeti maishani, nimefunga ndoa, nimeshika funguo za nyumba yangu mwenyewe, na bado hakuna siku niliyotembea kama nilivyotembea hatua zile sita na beseni.

Mama alipika mtori usiokuwa na ndizi, wa viazi vya msaragambo, akausonga mpaka ukawa laini kama wa kwao. Nilimsimulia nikiwa nimesimama juu ya kiti changu cha hadithi. Alicheka mpaka nilipofika kwa Lennart, akaweka mwiko chini.

"Mifupa mitupu?" aliuliza.

"Mitupu kabisa!"

Alichukua bakuli kubwa akalijaza, akaweka vipande vinene vya nyama juu. "Mpelekee."

"Mama!"

"Mnyama kampiga yeye. Leo alale na mifupa, na sisi tunakula? Nenda kabla haijapoa."

Nilikwenda nimenuna mpaka getini kwao. Aliyefungua mlango alikuwa Birgit. Tulitazamana, mvuke wa mtori kati yetu, na kununa kote kukaniishia.

"Nimewaletea nyama," nilisema. "Kutoka fungu letu."

Alinyoosha mkono mmoja. Sikuliachia bakuli.

"Mikono miwili," nilimwambia.

Akaongeza wa pili.

Gunnar alikichukua kisu siku zile kukinoa, akakirudisha karibu na Krismasi herufi zikiwa kwenye mpini. "Kwa ajili ya tembo ajaye," alimwambia Baba, bila kutabasamu. Vuli zote tulizobaki pale, kidari kilitolewa kwanza, kabla ya fungu lolote, na Baba ndiye aliyekipeleka kwenye benchi la Hulda.

Hayo yote nilimsimulia Jonas tukiwa sakafuni Rågsved, mimi kwa Kiswahili, yeye akiuliza kwa Kiswidi, masanduku yakitungoja. Nilipomaliza alinyoosha mkono kukitazama tena kisu. Nikamtazama. Akaweka simu chini, akaleta na mkono wa pili.